Kereng'ende Mwenye Pingili ya Buluu: Kumtambua Mdudu Mmoja Katika Majaruba ya Chekereni

Kwa misimu mitatu ya mpunga daftari langu lilieleza kwamba majaruba ya Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi, yana aina nne za kereng'ende wembamba. Nilimwandika mweusi mwenye mkia wa buluu, kisha mdogo wa rangi ya chungwa, kisha wa kahawia iliyochanganyika na kijani cha zeituni, na mwisho mrefu wa rangi ya chungwa ambaye hukaa penye majani mengi zaidi. Leo najua kwamba watatu wa kwanza ni mdudu mmoja. Naandika makala haya ili msomaji anayeishi karibu na mfereji, bwawa au jaruba lolote aweze kumtambua mdudu huyo kwa uhakika, bila kupitia njia ndefu niliyopitia mimi.

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na siku za Jumamosi huenda kumsaidia kaka yangu katika jaruba lake. Maji yanayofika pale hutoka katika mito ya Rau na Njoro, nayo hugawanywa kwa mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Tanzania na Japani. Kwa mkulima mradi ule ni mpunga na zamu za maji. Kwa kereng'ende ni maji ya kina kifupi, yenye jua, yanayotembea polepole au yasiyotembea kabisa, na yenye mashina mengi ya kushikilia, na ni vigumu kufikiria makao yanayomfaa zaidi.

Kwanza niweke sawa jambo la jina, kwa maana Kiswahili chetu kinatumia neno kereng'ende kwa makundi mawili ambayo wanasayansi huyatenganisha. Kuna wale wakubwa, wenye nguvu, wanaopita juu ya jaruba kama walinzi wa zamu, ambao wakitua huacha mabawa yametanda pande zote mbili, na macho yao makubwa kwa wengi wao hukutana juu ya kichwa. Kisha kuna wale wembamba, ambao mabawa yao ya mbele na ya nyuma yana umbo moja, ambao wengi wao wakitua huyakunja mabawa juu ya mgongo, na ambao macho yao yamewekwa mbalimbali, moja kila upande wa kichwa, kama ncha mbili za nyundo. Duniani kote makundi haya mawili kwa pamoja yana zaidi ya spishi 6,000. Mimi huwaita hawa wa pili kereng'ende wembamba, kwa kuwa sijasikia jina jingine linaloeleweka na kila mtu.

Mdudu ninayemzungumzia anaitwa kwa jina la kisayansi Ischnura senegalensis. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na Kigiriki na maana yake ni mkia mwembamba. Ya pili inataja Senegali, kwa kuwa Mfaransa Jules Pierre Rambur, aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1842, alitumia vielelezo vilivyotoka huko. Hata hivyo mtu asidhani ni mdudu wa Afrika Magharibi. Anapatikana karibu kote barani Afrika kusini mwa Sahara, anavuka Uarabuni na India, na anafika hadi Japani. Wajapani wanamwita aomon-itotombo, na nilipoelezwa maana ya jina hilo nilinyamaza kidogo, kwa sababu linasema kereng'ende wa uzi mwenye alama ya buluu. Mkulima wa mpunga wa Japani na mkulima wa mpunga wa Chekereni wanachuchumaa ukingoni na kumtazama mdudu yule yule, na Mjapani amekwisha kuweka ufunguo wa kumtambua ndani ya jina lenyewe.

Ufunguo huo ni alama ya buluu, lakini haitoshi kusema tu kwamba mkia una buluu, kwa sababu kereng'ende wengi wembamba wana buluu mahali fulani mkiani. Swali la kuuliza ni buluu hiyo iko kwenye pingili ipi. Sehemu ile ndefu ambayo watu huiita mkia, na ambayo kwa kweli ni fumbatio la mdudu, ina pingili 10. Usizihesabu kuanzia mbele, kwa maana pingili za kwanza ni fupi, zimejificha chini ya mabawa, na utakosea. Anza nyuma kabisa, penye vishikio vidogo, na uhesabu kurudi mbele: ya 10, ya 9, ya 8. Kwa dume aliyekomaa wa spishi hii, pingili ya 10 ni nyeusi kwa juu. Ya 9 nayo ni nyeusi mgongoni, ila ukiinama uione kwa ubavu utakuta buluu upande wa chini. Ya 8 ni buluu yote, juu na kando, buluu safi inayowaka kama moto wa jiko la gesi. Mbele yake weusi unaendelea bila kukatika mgongoni kote. Kwa hiyo ukimtazama kwa juu unaona mstari mweusi mwembamba kama uzi, kisha taa moja ya buluu karibu na mwisho, kisha weusi tena.

Nimejizoeza kumtazama hivi: nalala kifudifudi juu ya ukingo wa jaruba, jua likiwa nyuma yangu, viwiko vikiwa kwenye tope lililokauka, na kioo cha kukuzia kikiwa tayari mkononi. Asubuhi kabla ya saa tatu mwili wake haujapata joto la kutosha na haruki mbali. Anashika jani la mpunga kwa miguu yenye vinyweleo, na ukisogea upande mmoja yeye huzunguka shina hadi upande wa pili, macho mawili tu yakichomoza kulia na kushoto kwa shina. Ukitulia hurudi. Hapo ndipo unapoona kwamba juu ya kichwa cheusi, nyuma ya kila jicho, kuna nukta ndogo ya mviringo ya buluu, na kwamba kifua cheusi kina mistari miwili myembamba ya kijani au ya buluu-kijani iliyonyooka kuelekea mabawa, na ubavu wake wote una rangi hiyo hiyo. Pingili ya 2 hung'aa mgongoni kwa weusi wa chuma kilichosuguliwa, na chini yake kuna uvimbe mdogo ambao nitaurudia, kwa kuwa ndio unaothibitisha udume.

Kuna alama nyingine ninayoipenda kuliko zote, ingawa inahitaji subira. Karibu na ncha ya kila bawa la kereng'ende kuna kidirisha kidogo chenye rangi, ambacho kwa macho matupu ni kama doa la wino. Kwa dume wa spishi hii, kidirisha cha bawa la mbele kimegawanyika rangi mbili, nusu nyeusi na nusu ya buluu nyeupe, ilhali cha bawa la nyuma kimefifia na hakina mgawanyo huo. Mtu akiniletea picha ya simu ambayo mkia umetoka nje ya fremu, jambo linalotokea mara nyingi, kidirisha hicho ndicho ninachokitafuta kwanza.

Kuhusu ukubwa, mwili wote una urefu wa milimita 30 hivi, na bawa la nyuma halifiki sentimita 2. Hiyo ni njia nzuri ya kumtenga na ndugu zake wadogo zaidi wa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya Agriocnemis, ambao nao wamo katika majaruba hayo hayo. Hao ni vijitu vya ajabu, bawa lao ni sentimita 1 tu au zaidi kidogo, na huruka chini kabisa katikati ya nyasi kwa namna ambayo mtu hudhani ni vumbi la pumba linalopeperushwa. Nimewahi kumkuta jike wa mkia wa buluu akimtafuna mmoja wao juu ya jani la ndago, akianzia kichwani. Jenasi ya Ischnura inajulikana kwa tabia hiyo ya kuwala kereng'ende wenzao wembamba, na mtu asishangae akiiona.

Kwa upande wa wakubwa, mtu anaweza kumchanganya na wale wa jenasi ya Pseudagrion, ambao wengi wao wamezidi kidogo kwa urefu na kwa unene, na hupenda zaidi maji yanayotembea. Mmoja wao anastahili kutajwa na mtu wa Moshi. Anaitwa Pseudagrion kersteni, na jina hilo ni la Otto Kersten, Mjerumani aliyepanda sehemu ya Kilimanjaro pamoja na Baron Karl Klaus von der Decken mwaka 1862. Wadudu waliokusanywa katika safari zile walielezwa baadaye na Gerstaecker, mtaalamu wa wadudu, na kereng'ende huyu akapewa jina hilo la Kersten mwaka 1869. Dume wake akikomaa hupakwa unga wa kijivu-buluu usoni na kifuani, kana kwamba ametoka kwenye mashine ya kusaga. Huyu mtafute kwenye kijito chenye mkondo. Mwenye taa moja ya buluu mtafute kwenye maji yaliyotulia.

Sasa nifike kwa majike, ambao ndio walionipotosha.

Msimu wa tatu nilichota lava, yaani watoto wa kereng'ende wanaoishi majini, kutoka kona moja ya jaruba nikawaweka katika ndoo ya plastiki nyumbani kwa kaka. Lava wa kereng'ende mwembamba anajulikana kwa mapezi matatu yenye umbo la jani mwishoni mwa mkia, anayoyatumia kupumua, na kwa mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, ambao huufyatua ghafla na kunasa kiwindwa. Niliwalisha viluwiluwi vya mbu, ambavyo havikosekani Chekereni, na nikasimamisha vijiti vya kupandia. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka minane, alijipa kazi ya kuwalinda kabla ya kwenda shule, na asubuhi moja aliniita kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Baba mdogo, njoo. Ametoka mwingine, lakini huyu hana rangi."

Alikuwa sahihi. Mdudu aliyeshika kijiti juu ya ngozi yake tupu alikuwa amepauka kama maji ya mchele, mabawa yaking'aa kama karatasi ya nailoni. Tulimhamishia ndani ya kipande cha chandarua nilichokifunga juu ya beseni lenye majani, na tukaweka maganda ya ndizi mbivu ili yavute vinzi vidogo vya kumlisha. Kesho yake alikuwa wa rangi ya chungwa iliyoiva, na mgongoni mwa fumbatio alikuwa na mstari mweusi. Wengine waliotoka katika ndoo ile ile walipata taa ya buluu mkiani. Kadiri siku zilivyopita rangi ya chungwa ya yule wa kwanza ikaanza kufifia, ikawa kahawia, kisha ikapata kijani cha zeituni kifuani. Mtoto alinitazama, nami nikalitazama daftari. Aina ya pili na aina ya tatu zilikuwa mdudu mmoja katika umri tofauti, binti na mama mtu mzima.

Ndoo haikuwa ushahidi kamili kwamba huyo ni jike wa mwenye mkia wa buluu, kwa sababu lava wa spishi mbalimbali hufanana mno na huenda nilichota mchanganyiko. Ushahidi niliupata jarubani. Kereng'ende wembamba wakijamiiana, dume humshika jike shingoni kwa vishikio vya mwisho wa mkia wake, na jike hukunja mkia wake kuja mbele hadi ufike chini ya pingili ya 2 ya dume, pale penye uvimbe nilioutaja, ambapo dume ameweka mbegu zake. Miili miwili hufanya umbo kama la moyo. Nilimwona dume mwenye taa ya buluu amemshika jike wa kahawia, na hapo nikafuta mstari mmoja. Mita chache mbele, kwenye shina la tete, kulikuwa na moyo mwingine, na huo ulinifanya nikae chini. Wote wawili walikuwa na taa ya buluu. Wote wawili walikuwa na kifua cheusi chenye mistari ya kijani. Kwa yote niliyokuwa nimeandika, nilikuwa natazama madume mawili.

Yule aliyeukunja mkia wake mbele alikuwa jike. Spishi hii ina majike ya namna mbili: wale ninaowaita wa kahawia, ambao huanza na rangi ya chungwa, na wale waliovaa rangi za dume tangu ujana hadi kukomaa. Namna hizo hurithiwa, wala si suala la umri au chakula. Watafiti wa Japani wamemchunguza mdudu huyu huyu kwa miaka mingi ili kujua kwa nini namna zote mbili zinadumu, na maelezo yaliyopata nguvu ni haya: dume hujifunza sura ya jike anayemkuta mara nyingi, kisha huitafuta sura hiyo. Jike wa namna iliyozagaa husumbuliwa mchana kutwa, akakosa muda wa kula na wa kutaga, ilhali wa namna iliyo nadra huachwa apumue. Nadra akifaidika huongezeka, akiongezeka hutambuliwa, na faida huhamia kwa mwenzake. Sijui jambo katika baiolojia ninayofundisha lililo rahisi kulieleza ubaoni na lenye uzuri kama hili, na lilikuwa linatokea hatua chache kutoka mahali kaka anapoegesha baiskeli.

Kwa hiyo taa ya buluu peke yake inakwambia spishi, lakini haikwambii jinsia. Ukitaka jinsia, tazama chini ya mwili. Dume ana ule uvimbe chini ya pingili ya 2. Jike hana, badala yake sehemu ya mwisho wa fumbatio lake ni nene zaidi, na chini ya pingili za 8 na 9 kuna kifaa cha kutagia, kama kisu kidogo kilichofungwa kwenye ala. Kidirisha cha bawa pia hukufaa hapa, kwa sababu cha jike hakina ule mgawanyo mkali wa weusi na weupe.

Yule wa nne wa daftari langu, mrefu wa rangi ya chungwa, alibaki peke yake kwa haki. Ni Ceriagrion glabrum. Kumtenga na binti wa rangi ya chungwa ni kazi nyepesi ukishajua pa kutazama: fumbatio la Ceriagrion halina mstari mweusi mgongoni, ni chungwa tupu, mwili ni mrefu zaidi, na macho ya dume ni ya kijani. Binti wa mkia wa buluu ana mstari mweusi daima. Ningekuwa na mtu wa kunieleza hilo moja tu mwanzoni, ningeokoa kurasa nyingi.

Tabia nayo husaidia mahali ambapo rangi imezeeka na kuchakaa. Ceriagrion na Pseudagrion hutaga wawili wawili, dume akiwa bado amemshika jike shingoni. Jike wa mkia wa buluu hutaga peke yake, na mara nyingi baada ya saa sita mchana, wakati madume yamepungua majini. Asubuhi wanandoa hubaki wameungana kwa muda mrefu sana, saa kadhaa, kiasi kwamba naweza kung'oa magugu tuta zima na kurudi nikawakuta kwenye jani lile lile. Ukimwona kereng'ende mwembamba wa kahawia, peke yake, amekunja mkia na kuuchomeka kwenye shina lililolala majini alasiri, karibu hakika ni huyu.

Niongeze neno kuhusu dawa, kwa kuwa wasomaji wengi ni watu wa mashamba. Mdudu huyu ni mvumilivu. Anastahimili maji ya moto, yenye tope na yenye mbolea, na nimemwona hata kwenye dimbwi la kufyatulia matofali na ukingoni mwa Ziwa Duluti kule Tengeru. Kumwona, basi, si cheti kwamba maji ni safi, na wanafunzi wangu nimewakataza kuandika hivyo. Lakini msimu mmoja jirani alipulizia dawa ya wadudu mara mbili katika wiki moja kwa ushauri wa muuzaji, na kwa siku nyingi sikumwona mkia wa buluu hata mmoja upande ule, huku viluwiluwi vya mbu vikirudi mapema na kwa wingi kuliko awali. Mdudu anayestahimili karibu kila kitu akitoweka, mkulima ana sababu ya kusimama na kuuliza ni nini kilichoingia majini mwake.

Kwa anayetaka kuanza, simu ya kawaida inatosha. Piga picha tatu: moja kutoka juu ikionyesha mkia wote, moja ya ubavu, na moja ya ncha ya bawa. Usimshike kwa vidole kama hujazoea, maana miguu hukatika kirahisi. Nami sasa, katika daftari jipya, nimempa mdudu huyu ukurasa mmoja wenye safu nne: dume, jike wa buluu, jike wa chungwa, jike wa kahawia. Mtoto wa kaka ndiye anayejaza safu ya tatu, kwa sababu macho yake yako karibu na usawa wa mpunga, na huwaona mabinti wa chungwa kabla yangu.